Kwetu Wimbo Huu Unapanda

"Mama, unakwenda wapi?"

Mwalimu wa kwaya alikuwa amekwisha kuwanyamazisha wengine kwa kuinua mkono. Kanisa zima likanigeukia mimi, niliyesimama nyuma kabisa na mtoto wangu mchanga mgongoni.

"Napanda," nikamjibu.

"Wenzako wote wameshuka. Hapa mwisho wimbo unashuka."

"Nimewasikia, Mwalimu. Kwetu wimbo huu unapanda."

Wakaangua kicheko. Kigango chetu cha Ujiji kilikuwa kidogo, maana mji ule ni wa Waislamu tangu zamani, na sisi Wakristo tulikuwa wachache: Waha wenyeji, na wakimbizi wa Burundi tuliojibanza kati yao. Wimbo ule kila mtu aliujua, kwa Kiswahili au kwa Kirundi, na wote waliumaliza kwa kushuka taratibu, kama mtu anayetua ndoo ya maji. Mimi peke yangu nilipaa juu, nikalirudia neno la mwisho huko huko juu, halafu nikaliacha hapo. Asiyenijua angedhani nimekanyaga mwiba.

Sasa nieleze kosa hili lilitoka wapi, maana ni kosa kweli, wala sibishi. Ng'ambo ya ziwa kigango chetu kilikuwa juu ya kilima, na katekista wetu alitembea kutwa nzima kwenda misioni kujifunza nyimbo mpya. Wimbo ule unamsifu Bwana anayewavusha watu wake maji makuu. Katekista aliushika vizuri, akarudi anauimba njia nzima asije akausahau. Mvua ikamkuta mtoni, akateleza, akalowa chepechepe, na alipotoka upande wa pili mwisho wa wimbo ulikuwa umemtoka kichwani. Mtu mwingine angesema nimesahau. Yeye? Thubutu! Alitunga mwisho wake mwenyewe, akatufundisha, na kilima kizima kikaushika. Miaka baadaye padre alikuja kututembelea, akausikia, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, kisha akajaribu kutunyoosha. Bibi zetu wakakataa katakata. Wakamwambia, "Padre, Mungu ameshatuzoea hivi hivi." Padre akala kuku wake akaondoka.

Mimi nilikua na wimbo ule, nikaolewa nao, na binti yangu wa kwanza alijifunza akiwa mgongoni kwangu. Tulipokimbia alikuwa ameng'oka meno ya mbele, ya ukubwa ndiyo yanachungulia. Akifika pale juu hewa ilipita kwenye pengo na neno likatoka na mluzi. Baba yake alikuwa anamtania, anamwambia aimbe tena wapate kumwita mbwa. Yule mtoto alikuwa mbishi, Mana yanje, Mungu wangu! Ubishi wote niliokuwa nao mimi aliurithi bila kuacha hata punje.

Siku ya kuvuka, ufuko wetu ulijaa watu mpaka mchanga hauonekani. Mwenye boti alikuwa anapakia kwanza wanawake wenye watoto mgongoni. Mimi nilikuwa na mdogo mgongoni, na mkubwa ameshikwa mkono na baba yake. Nikakataa kupanda. Mume wangu akanisukuma kwa bega, akasema, "Tangulia. Sisi tunakuja na boti inayofuata." Nikapanda. Boti ilipong'oa nanga nikamwona binti yangu ananipungia mkono huku ananuna, kwa sababu alitaka kukaa mbele ya boti na hakupewa nafasi.

Tukashushwa Mwamgongo, upande huu wa ziwa. Wanakijiji wakatupa ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka wa kuchoma, Mungu awabariki, lakini mimi sikula. Nilisimama majini mpaka magotini, nikaangalia kila boti iliyokuja. Zilikuja nyingi. Zilizokuja siku ile hazikuwa na mtu wangu, na za kesho yake pia, halafu tukahamishiwa Kibirizi, kwenye soko la dagaa, ambako malori yalikuwa yanangoja kutupeleka kambini, ndani kabisa huko bara.

Hapo nikagoma. Kambi iko porini, nikasema moyoni, na watu wangu watatoka ziwani. Nikajichanganya na wachukuzi na kina mama wa dagaa, nikatembea na mtoto mgongoni mpaka Ujiji, nikabisha hodi nyumba ya kwanza yenye mlango wazi. Akatoka bibi mmoja wa Kiislamu, mtandio begani, mswaki mdomoni. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mimi ni Muha kutoka vijijini, natafuta kazi ya ndani. Kiha na Kirundi ni ndugu, nikadhani nitapita.

"Marahaba. Muha wa wapi wewe?" akasema. "Muha gani anatetemeka hivyo akisikia lori? Ingia, mwanangu. Mtoto analia njaa."

Akanipa chumba cha uani. Kwa huruma yake nikapata na kibarua Kibirizi, kwa mama mmoja mwenye dagaa. Wavuvi wanatoka ziwani asubuhi, sisi tunawatandaza dagaa mchangani, jua likipanda tunawageuza kwa ufagio, tunafukuza kunguru, na wingu likitokea tunakimbizana kuwakusanya kabla mvua haijawaozesha. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa za wavuvi, mitumbwi inalala, na sisi tunalala njaa.

Utaniuliza kwa nini nisiwatafute kwa majina yao kama watu wengine wanavyotafutana. Yaani hujui miaka ile ilivyokuwa. Jina lilikuwa hatari. Jina lilisema wewe ni wa kina nani, umetoka kilima gani, nani anakutafuta na kwa nini. Watu walishuka botini na majina mapya, na wazazi waliwakataza watoto wasiitikie la zamani hata wakiitwa na nani. Mimi mwenyewe nilimkataza binti yangu. Njiani tukishuka kwenda ziwani nilimwambia, "Ukisikia mtu anaita jina lako, usigeuke. Hata sauti ikiwa kama yangu."

Na mtoto wangu mbishi, jambo hilo moja alinitii, nilimwona mwenyewe. Nilimjaribu pale pale njiani. Niliita na hakugeuka.

Kwa hiyo ningemwita kwa kitu gani? Nikaimba. Kila boti ilipokaribia Kibirizi niliacha ufagio, nikasimama mchangani nikaimba wimbo ule kwa sauti ya kupasua, na nikifika mwisho nikapanda. Watu wote wa ziwa hili wanaujua ukishuka. Ukipanda, ni wa kilima chetu tu. Niliwaza kwamba hata kama amefungwa kitambaa usoni, hata kama amelala kwenye mapaja ya mtu asiyemjua, akisikia pale juu ataruka.

Ndiyo maana siwezi kushuka kanisani. Niliogopa nikizoea kushuka, siku moja mdomo utanisaliti ufukweni, na siku hiyo ndiyo atakuwa anapita. Lakini hayo ningemwelezaje Mwalimu mbele ya kanisa, na mimi nimejificha nisipelekwe kambini? Yeye alikuwa Muha, mtu mwema, ila kwenye nyimbo alikuwa mkali kama askari wa forodha. Akaniambia, "Mama, Pasaka tunakwenda kuimba parokiani mbele ya watu. Ama ushuke, ama ukae benchi." Nikamwambia nitakaa, na benchi lake nitalikalia mpaka livunjike. Nikatoka na mtoto wangu nikiwa nimefura. Njiani nilimgombeza Mungu kwa sauti mpaka wapita njia wakanipisha. Nikamwambia, Wewe ndiye uliyewavusha watu maji makuu, au ni maneno ya wimbo tu? Wangu wawili walikushinda nini?

Bibi alinikuta uani napepeta muhogo kwa hasira.

"Nyie Wakristo," akasema, "mnampigia Mungu kelele utafikiri ni kiziwi."

"Kama anasikia, anijibu."

"Subira, mwanangu."

"Sina."

Akacheka, akanishika kichwa kama mtoto wake.

Siku mbaya nilijua kuomba. Siku za mwezi mpevu, hakuna kazi, mtoto ana homa, nilimgongea Mungu kama mtu anayegonga kwa jirani nyumba ikiwaka moto, na nguvu za kuamka kesho yake nilizipata, sijui kwa njia gani. Siku nzuri ndizo zilizonishinda. Asubuhi moja mitumbwi iliingia imelemewa na dagaa, wakamwagwa mchangani mpaka hakuna pa kukanyaga, wavuvi wakagawa bure. Wanawake wote wakapiga vigelegele, wakaanza nyimbo za kushukuru. Mimi nikafumba mdomo. Nilijaza kikapu nikafumba mdomo.

Nyumbani Bibi akaona kikapu. "Maashallah! Umemshukuru Mola wako?"

"Sijamshukuru wala simshukuru. Nimemsusia."

"Astaghafirullah! Mungu anasusiwa?"

"Nikisema asante atadhani tumemalizana. Atadhani nimeridhika na dagaa."

Bibi akaketi kwenye kigoda, akaanza kuchambua dagaa, akatupa vijiwe pembeni. Kisha akasema, "Asante ya dagaa ni ya dagaa, mwanangu. Ya mtoto mdai kivyake."

Nikala. Nikaendelea vile vile: siku mbaya namlilia, siku njema namnunia. Misa niliendelea kwenda, nikakaa benchi langu, na kwaya ikifika kwenye wimbo ule nilipanda kimoyomoyo.

Mama aliyenipa kibarua alikuwa na mteja wake mmoja, Muha wa upande wa Kasulu, mwanamke mwenye mwili na maneno mengi, aliyekuja na lori kununua dagaa akawauze kwenye soko la kambi. Siku hiyo alikuwa amekaa juu ya magunia yake anakula embe, boti ikatokea, na mimi nikasimama nikaimba. Nilipomaliza nikamsikia anaguna.

"Nyie Warundi mna nini na huu wimbo?"

"Una nini?" nikamuuliza, tayari kwa ugomvi.

"Huku mwisho mnauharibu. Kuna watoto kule kambini wanauimba hivyo hivyo. Wanaruka juu kama wamechomwa! Nimewaambia wanakosea, wananicheka."

Ufagio ukanidondoka. Nilimrukia nikamshika kitenge kifuani. "Watoto gani?"

"Niachie, we mama, utanichania nguo! Watoto wasio na wazazi. Wanakaa pamoja nyuma ya kanisa la maturubai, na mama mmoja anawalea."

"Kuna mwenye pengo? Msichana? Mbishi?"

"Watoto wa kambi wote wana mapengo na wote ni wabishi. Mimi nitajuaje?"

Nilipiga magoti pale pale, juu ya dagaa wa watu. Nikashukuru. Jamani, nilishukuru! Nilimpa Mungu asante yote niliyomnyima, ya kila siku njema niliyomnunia, ya dagaa, ya Bibi, ya kupona kwa mwanangu mdogo, nikaimwaga yote kwa mara moja, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, mikono juu. Wanawake wakanizunguka na vigelegele. Wachukuzi wakasimama na mizigo kichwani kunitazama. Mwenye dagaa alikuja kunifokea kwa kuwakanyaga, akaambiwa habari, akaanza kulia na yeye. Sijawahi kuwa na furaha kama ile maishani mwangu, na naikumbuka yote mpaka harufu.

Bibi hakulala vizuri kwa maandalizi. Akakaanga mgebuka kwa mawese, akaufunga kwenye jani la mgomba. Akatoa gauni la mjukuu wake, na viatu vya plastiki vyekundu, akavipima kwa kiganja akisema mtoto wa umri ule mguu wake hauzidi hapa. "Mlete," akaniambia, "atalala kitandani kwangu. Wewe unakoroma." Nikambusu mikono. Niliona anageuka upande anapangusa macho kwa mtandio.

Nilipanda lori la yule mteja, juu ya magunia ya dagaa, mwanangu mdogo mapajani, kifurushi cha gauni na viatu kifuani. Barabara ilikuwa vumbi jekundu na mashimo, na kila lilipopanda kilima nilihesabu kuwa tumekaribia, kumbe bado. Furaha ilianza kunitoka polepole, hofu ikaingia mahali pake. Nikaomba, wala sikuomba vizuri. Nilisema, "Bwana, nimekwisha kukushukuru. Watu wameona. Usinigeuke." Nilisema hayo tu, njia nzima, mpaka yule mama akaniambia ninywe maji nitanyauka midomo.

Kambini nilimfuata mpaka kwenye kanisa la maturubai. Mama mlezi alikuwa Mrundi, mjane, mtu mpole wa kusema chini chini. Nilimwambia nimesikia watoto wake wana wimbo, nataka kuusikia. Hata sikumsalimu vizuri. Aliangalia kile kifurushi changu, akaniangalia usoni, akaita watoto.

Wakaja mbio, wakajipanga bila kuambiwa. Wakaimba. Nilipita uso baada ya uso, mdomo baada ya mdomo. Mapengo yalikuwepo. Walipofika mwisho wakapanda wote kwa pamoja, wakalirudia neno lile juu kabisa, wakaliacha. Ulikuwa wimbo wetu, wa kilima chetu, wa yule katekista na mvua yake. Na mwanangu hakuwemo.

"Mwingine yuko wapi?" nikauliza. "Aliyewafundisha. Yuko wapi?"

Watoto wakamtazama mlezi. Mlezi akatazama chini. Msichana mmoja mkubwa kidogo kuliko wenzake ndiye aliyenijibu, kwa adabu, mikono nyuma.

"Tulikuwa naye njiani. Baba yake alimwacha nasi akaenda kutafuta maji, hakurudi. Boti zilikuwa zimejaa, tukapita msituni, hatukupita ziwani. Alikuwa anaimba kila tukisikia watu. Sisi wimbo tulikuwa tunaujua, tukamwambia unakosea, hapo unashuka. Akakataa. Akatupiga."

"Akawapiga?"

"Akanipiga mimi. Akalia. Akasema tukiuimba vizuri, mama yake hatajua kwamba ni yeye."

Nilikaa chini. Mlezi akaja akaketi karibu nami, akaniambia homa ilimkuta na mvua za kwanza, kabla ya dawa kufika, na kwamba mtoto hakuwa peke yake, yeye mlezi mwenyewe ndiye aliyemshika mikononi. Akasema mtoto hakutaka kusema jina lake, hata mwisho. Alikuwa anasema mama amekataza. Walimzika bila jina. Baba yake, mpaka leo ninavyosema haya, sijapata habari zake.

Watoto ndio walionipeleka. Nyuma ya kambi palikuwa na vilima vidogo vya udongo mwekundu, majani yameanza kuota juu yake. Wakanionyesha, hiki hapa, wakarudi nyuma wakasimama. Nikaweka kifurushi chini, nikamfungulia Mungu mdomo.

"Nilikushukuru!" nikapiga kelele. "Nilikushukuru mbele ya watu wote wa Kibirizi! Ulikuwa unajua! Nimepiga magoti kwenye dagaa, na Wewe unajua, umenyamaza unanitazama!"

Mlezi akanishika bega. "Mama, usikufuru. Watoto wanasikia."

"Niache. Nazungumza naye."

"Mama..."

"Unataka nizungumze na nani mwingine? Nina nani mwingine mimi?"

Akaniachia. Niliendelea mpaka maneno yakaniisha, ya Kirundi na ya Kiswahili. Mdogo mgongoni alikuwa amelala. Nilipiga magoti, na mdomo wangu, ambao sikuutuma, ukaanza wimbo ule. Siku zote nilikuwa nauimba kwa kupasua, kwa boti zilizo mbali. Safari hii niliuimba kwa sauti ya kumwimbia mtoto aliye karibu, maana alikuwa hapo hapo chini ya mikono yangu. Nikafika mwisho, nikavuta pumzi nipande, na sauti ikagoma. Nikavuta tena. Haikutoka.

Nyuma yangu watoto wakapanda. Wakalirudia neno lile huko juu, mmoja wao na mluzi wa pengo, wakaliacha.